Kabla hujanunua waya wa euro 390, tafuta mvumo unatoka wapi

Tangu kile kipindi chetu kuhusu kaseti za wazazi, simu yangu haijapumzika. Watu wamefungua masanduku wakakuta kaseti za barua, za harusi, za mahubiri, na sauti za mabibi ambao hatunao tena. Sasa wanataka kuziingiza kwenye kompyuta kabla utepe haujaharibika. Safi kabisa. Ila kuna swali moja linajirudia, na aliyeliuliza vizuri kuliko wote ni binamu yangu, anayekaa hapahapa Molenbeek, si mbali na metro ya Étangs Noirs:

"Kaka, nimepata deki ya kaseti pale sokoni Jeu de Balle, euro 25. Inacheza vizuri. Lakini nikiiunganisha na amplifaya na laptopu nasikia vuuuu chini ya sauti ya baba. Nimeenda duka moja la vifaa vya muziki, wakaniambia shida ni waya wa umeme, eti huu wa kawaida ni takataka. Wao wanao mzuri, euro 390. Ninunue?"

Jibu fupi: hapana. Jibu refu ndilo hili, kwa sababu swali lenyewe si la kijinga hata kidogo. Mimi umeme ndio niliosomea na ndio unaonilisha, na nimeona watu wakitumia mamia ya euro kwenye waya usio na kosa, huku waya mmoja wenye kazi kubwa ndani ya nyumba wakiukata kwa mkasi.

Wazazi hawakuota

Kwetu umeme ulikuwa unasikika. Muulize mzazi yeyote aliyekuwa na redio kaseti ya betri. Betri zikichoka utepe unavuta, mwimbaji anageuka mzee ghafla, na kesho yake betri zinaanikwa juani zipate uhai kidogo. Iwe Bukavu au Kigoma, jioni taa zilififia watu wakianza kupika, friji ikanguruma, ndiyo maana sebule nyingi zilikuwa na stabilaiza, kile kisanduku chenye mshale ambacho mtoto hakuruhusiwa kukigusa. Kwa hiyo mtu akisema "umeme mbaya unaharibu sauti", sisi inatuingia akilini haraka. Tumeona.

Na mifano mingine ipo. Baadhi ya gramafoni za zamani zina mota inayofuata masafa ya umeme. Marekani umeme unakwenda na kurudi mara 60 kwa sekunde, hapa Ubelgiji na kwetu Afrika Mashariki ni mara 50. Mjomba akileta gramafoni ya namna hiyo kutoka Chicago akaichomeka Brussels kupitia transfoma, transfoma itarekebisha volti tu, masafa hayatabadilika. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika itazunguka kama mara 28. Rumba itageuka wimbo wa msiba.

Mwaka 2018, kuanzia katikati ya Januari mpaka mapema Machi, ugomvi wa umeme kati ya Serbia na Kosovo ulishusha kidogo masafa ya gridi nzima ya bara la Ulaya. Saa za oveni zinazohesabu muda kwa umeme wa ukutani zikachelewa karibu dakika 6. Gramafoni za mota hiyo nazo zilipunguza mwendo, lakini kwa chini ya sehemu 1 kati ya 10,000, na hakuna sikio la kuligundua hilo.

Basi umeme unaweza kubadilisha sauti. Swali ni kama zile mita 2 za mwisho, kutoka soketi mpaka kwenye mashine, zinaweza. Mjomba wangu mmoja alikuwa fundi redio Bukavu. Nilipomwonyesha bei ya huo waya alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Hii waya njo inaimba, ao ni ile mashini?"

Tumjibu kwa hesabu.

Ndani ya amplifaya

Jambo la kwanza: muziki haupiti kwenye waya wa umeme. Muziki unapita kwenye waya mwembamba wa sauti unaotoka kwenye deki, na kwenye nyaya za spika. Waya wa umeme unaleta nguvu tu.

Nguvu hiyo ikiingia, transfoma inapunguza volti. Dayodi zinaufanya umeme uende upande mmoja badala ya kwenda na kurudi. Halafu zipo kapasita, yale makopo mawili makubwa unayoyaona ukifungua kifuniko, zinazoutunza. Amplifaya inachota humo. (Zile ndogo za kisasa zinapanga hatua hizi kwa namna nyingine, ila tangi la kuchotea lipo vilevile.) Kama nyumbani mliwahi kuishi na maji ya mgao mtanielewa. Ukishakuwa na pipa bafuni hujali bomba la nje limepinda au limenyooka, ni la shaba au la plastiki. Unajali pipa lijae.

Sasa chukua waya wa kawaida wa mita 2, wenye shaba ya milimita za mraba 1.5. Umeme unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo hesabu mita 4. Ukinzani wake unakuja kama omu 0.046. Amplifaya inayokula wati 100 kwenye volti 230 inavuta ampia 0.43 hivi. Zidisha: njiani zinapotea volti 0.02. Mbili ya mia ya volti moja, kati ya 230! Nunua waya mnene mara mbili, utakuwa umeokoa volti 0.01.

Viwango vya Ulaya vinaruhusu volti za nyumbani zipande au zishuke kwa asilimia 10, yaani kati ya 207 na 253, na amplifaya zimetengenezwa zivumilie hilo. Jirani wa chini akiwasha oveni, volti zako zinaweza kuyumba kuliko waya wowote utakavyozirekebisha. Tena nyuma ya soketi yako, ndani ya ukuta, kuna labda mita 15 za waya wa milimita za mraba 2.5 mpaka kwenye boksi la fyuzi. Hizo peke yake zina ukinzani wa omu 0.2 hivi, zaidi ya mara nne ya ule ulioko sakafuni. Huo wa ukutani hakuna anayekuuzia.

Muuzaji atasema: "Sisi hatuongelei volti, tunaongelea kelele ndogondogo za masafa ya juu, zinazotoka kwenye chaja na taa za LED." Sawa, hizo zipo kweli. Lakini kama waya unazisafisha na jambo hilo lina maana kwa sikio, basi tofauti lazima ionekane pale sauti inapotokea, kwenye matundu ya spika. Pima hapo, kwa waya huu na kwa ule. Picha nzuri za waya uliokatwa katikati, na grafu iliyopimwa kwenye waya peke yake, si jibu. Wahenga walishasema, kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza.

Masikio yakifungwa macho

Wanaosema wanasikia tofauti hawadanganyi. Ukilipa euro 390, ukakaa kwenye kiti, ukasikiliza wimbo uleule kwa makini kuliko jana, utasikia vitu vipya. Hata mimi ningevisikia. Shida ni kujua vimetoka kwenye waya au kwenye makini yako.

Njia ya kujua ni kusikiliza bila kuona. Mwaka 2004 jarida la mtandaoni la Marekani, Secrets of Home Theater and High Fidelity, lilifanya hivyo pamoja na Bay Area Audiophile Society, chama cha wapenzi wa sauti kutoka eneo la San Francisco. Walilinganisha nyaya za umeme za bei kubwa sana na za kawaida, wasikilizaji wakiwa hawajui ni zipi zimeunganishwa. Yalikusanywa majibu 149, na sahihi yalikuwa 73. Asilimia 49. Sarafu ya kurusha juu ingefanya kazi hiyohiyo.

Hata hivyo mapenzi hayaishi kwa hesabu. Mwaka 2016 Wall Street Journal liliandika habari ya mwanasheria mzee wa Japani aliyesimamisha nguzo yake binafsi ya umeme nje ya nyumba, ili vifaa vyake vya muziki visichangie umeme na majirani. Pesa yake, nyumba yake. Mimi sina ugomvi naye.

Ukitaka kujipima mwenyewe, azima waya wa bei usiununue kwanza. Mwombe mtu mmoja arushe sarafu kila mara na kuunganisha waya kufuatana na matokeo, wewe ukiwa chumba kingine. Usiguse kitufe cha sauti. Rudia mara 16 na uandike jibu kila mara. Ukipata 12 au zaidi, nitakuja kwako na keki, maana kwa kubahatisha tu jambo hilo hutokea chini ya mara 4 katika majaribio 100. Ukipata 8 au 9, rudisha waya kwa mwenyewe.

Soketi za Brussels zina mambo yake

Kuna ushauri mwingine unaozunguka: geuza plagi, tafuta ule upande ambao waya wenye umeme unaingia tundu "sahihi", sauti itafunguka. Ushauri huu unachukulia kwamba tundu moja lina umeme na lingine ni nyutro.

Brussels nyumba nyingi za zamani haziko hivyo. Umeme wa manispaa zote 19 unasambazwa na Sibelga, na katika mitaa mingi mtandao wa zamani ni wa nyaya tatu zenye volti 230 kati ya waya na waya, bila nyutro kufika nyumbani. Matundu yote mawili ya soketi yana umeme, kila moja lina kama volti 133 likipimwa kwa ardhi. Sasa hapo tundu sahihi ni lipi? Halipo. Sibelga inaubadilisha mtandao huo kidogokidogo kuwa wa volti 400 wenye nyutro, lakini kazi ni ya miaka mingi.

Mtu wa sauti anaweza kulisahau hilo, mtu wa nyumbani asilisahau. Ukiwa kwenye nyumba kama hiyo usimwamini rafiki anayekuambia "huu ni waya wa kurudi tu, hauna kitu". Una kitu.

Vuuuu ya binamu

Nilikwenda kwake Jumamosi. Deki ilikuwa na plagi ya miguu miwili, na nyuma yake alama ya mraba ndani ya mraba. Alama hiyo maana yake kifaa kimezibwa mara mbili na hakihitaji waya wa ardhi, ule wa kijani na njano ambao mafundi wa Dar na Mombasa wanauita ethi. Deki ikaunganishwa na amplifaya, amplifaya na laptopu ya kurekodia. Amplifaya hiyohiyo ilikuwa imeshikana na dekoda ya runinga, na dekoda na kebo ya ukutani.

Nikamwambia achomoe chaja ya laptopu. Kimya. Airudishe. Vuuuu. Halafu, chaja ikiwa imechomekwa, achomoe kebo ya runinga. Kimya tena.

Ukikata upande wowote mvumo unakwisha, maana yake ni duara. Laptopu ilikuwa na njia yake ya kufika ardhini, kupitia chaja na soketi. Kebo ya runinga ilikuwa na yake, kule chini inapoingilia jengo. Binamu alipounganisha vifaa vyote kwa nyaya za sauti alifunga duara bila kujua. Ardhi hizo mbili hazilingani kabisa, na tofauti ndogo tu inatosha kusukuma mkondo uzunguke. Mkondo huo unapita kwenye ganda la waya wa sauti, na hapo sasa unaingia ndani ya muziki wenyewe. Zile volti 0.02 za waya wa umeme zilibaki nje, upande wa pipa. Kwenye waya wa sauti ishara nzima ni kama volti 0.3, kwa hiyo hata mvumo wa elfu moja ya volti unasikika pale mtu anaponyamaza.

Waya wa euro 390 usingekata duara hilo. Tulinunua kikata-mvumo kidogo cha kuweka kwenye kebo ya runinga, euro 12, na siku za kurekodi laptopu inakaa kwenye betri yake. Basi.

Mbona nasisitiza kuuondoa mvumo kabla ya kurekodi, si tuna programu za kuufuta baadaye? Kwa sababu mvumo wa umeme wa hapa unakaa kwenye masafa ya 50 na 100 na kuendelea, na sauti ya mwanaume anayeongea huanzia humohumo, kati ya 85 na 180 hivi. Programu ikifuta 100 inamfuta na baba kidogo. Unabaki na mzee anayeongea kama yuko ndani ya bomba.

Usikate ethi, nakuomba

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Ukitafuta namna ya kuondoa mvumo, mtu atakuambia: ziba ethi kwa gundi ya karatasi, au kata waya wa kijani na njano ndani ya plagi, au tumia kiunganishi kisicho na ethi. Atakuwa anasema kweli kwamba mvumo utaisha, maana duara limekatika. Lakini waya huo haukuwekwa kwa ajili ya sauti.

Ndani ya amplifaya yenye bodi la chuma, waya wa umeme ukichubuka ukagusa bodi, ethi inaupeleka mkondo ardhini na swichi ya usalama kwenye boksi inakata. Ethi isipokuwepo bodi linabaki na umeme, kimya, likimsubiri mtu. Mtu huyo ndiye anakuwa waya. Na zile volti 133 msizidharau, zinaua.

Molenbeek hili linatuhusu. Nyumba nyingi kati ya mfereji na Chaussée de Gand ni za matofali za zamani, zilizogawanywa kuwa fleti, na umeme wake umeongezwa vipande vipande. Unakuta jikoni kumefanywa upya, sebuleni soketi ni za enzi za babu, hazina ile kucha ya chuma inayochomoza katikati. Plagi yako inaweza kuingia tu, kifaa kikawaka, na hutajua kwamba ethi haipo. Kisha unaongeza ekstensheni, na ekstensheni juu ya ekstensheni.

Sheria ipo. Kanuni za Ubelgiji za umeme, RGIE, zinasimamia nyumba tangu 1981. Ukaguzi unataka ethi yenye ukinzani usiozidi omu 30, au ikifika mpaka 100 ziongezwe swichi za usalama zaidi. Unataka swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 300 kwa nyumba nzima, na ya 30 kwa bafu na mashine ya kufulia. Nyumba hukaguliwa kila miaka 25, na nyumba yenye umeme wa zamani hukaguliwa pia inapouzwa. Ukiwa mpangaji una haki ya kumwuliza mwenye nyumba ripoti hiyo. Uliza kwa maandishi na utunze nakala. Kanuni ya Makazi ya Brussels inadai nyumba ya kupanga iwe na umeme salama, na ofisi ya mkoa inayokagua inaitwa DIRL. Ila jueni kwamba DIRL ikikuta hali mbaya sana inaweza kuzuia nyumba isipangishwe, kwa hiyo kabla ya kulalamika pata ushauri kwa chama cha wapangaji.

Wazazi wetu wengi hawatauliza. Wanaogopa kuonekana wasumbufu, au Kifaransa cha barua kinawashinda. Hiyo barua tuwaandikie sisi.

Lini waya wa umeme unahusika

Sitaki mseme nimesema waya wowote unafaa. Waya unahusika katika mambo matatu.

Kwanza, ukiwa mbovu: plagi inayocheza, inayopata moto, au inayotoa mlio wa kukwaruza ukiigusa. Utupe leo. Mpya wenye alama za ubora, wenye ethi pale kifaa kinapoihitaji, unapatikana kwa euro 8 au 10.

Pili, ukiwa umelala pamoja na waya wa sauti. Umeme unaambukiza. Vitenganishe kwa sentimita 20 au 30, na vikilazimika kukutana vipishane kama msalaba.

Tatu, vifaa vikiwa vimetawanyika kwenye soketi mbalimbali. Vyote vinavyounganishwa kwa nyaya za sauti vichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye ethi, kwenye soketi moja yenye ethi. Deki, gramafoni na amplifaya kwa pamoja havizidi mia chache za wati, ekstensheni nzuri itabeba. Hita usiichomeke hapo.

Hizo euro 390 zina kazi nyingine. Deki za zamani zinahitaji mpira mpya wa kuzungushia na kichwa kusafishwa kwa spiriti, na tofauti ya hapo utaisikia bila sarafu wala kufunga macho. Fundi wa kukuwekea soketi moja yenye ethi sebuleni naye analipwa. Na kinachobaki mnunulie mzee tiketi ya treni aje akae nawe mkisikiliza, kwa sababu ni yeye anayejua yule anayekohoa nyuma ya kaseti ni nani.

Mkishapata kaseti safi, tutumieni dakika moja. Na mkituma, mtuambie soketi yenu ina kucha ya chuma au haina.